Spika janja, kuta za saruji: shajara ya sebule moja Tanga

2 Juni 2024: Tunapoanzia

Shemeji yangu aliporudi kutoka Dubai alituletea spika janja, spika inayosikia ukiisemesha na kujibu, ile ya duara yenye uso wa kitambaa, inayoenea kiganjani. Kwa kuuliza saa ngapi na kukumbushwa kuzima jiko, haina mpinzani. Kwa muziki ni kichekesho. Gitaa la besi halipo kabisa, tarumbeta zinatoboa masikio, na ukipandisha sauti kupita saba juu ya kumi mwimbaji anakuwa kama yumo ndani ya ndoo.

Sebule yetu iko Ngamiani, hapa Tanga mjini. Urefu mita 4.8, upana 3.6, kwenda juu 2.8. Kuta ni tofali za saruji zilizopigwa plasta, chini marumaru, juu jipsamu, madirisha ya vioo vya kusukuma. Piga kofi moja katikati ya chumba, utajibiwa "trrrr", kama mtoto anayeburuza fimbo kwenye uzio wa mabati. Kofi hilo nitalirudia huko mbele.

Mama mzazi tunaishi naye. Asubuhi ni Kurani na taarifa ya habari, jioni ni taarabu ya zamani. Aliisikiliza spika mpya dakika mbili, akauliza: "Fidla zimekwenda wapi?" Hapo ndipo mradi ulipoanza. Masharti ya nyumbani ni mawili: nisivuke shilingi laki mbili, na mama asijikwae kwenye waya. Kila hatua naiandika na bei yake, ili mwenye sebule kama hii asipite njia nilizopotelea mimi.

8 Juni: Kuihamisha tu (gharama: 0)

Ilikuwa inakaa ndani ya kabati la runinga, katikati ya vikombe vya harusi. Nikaweka kiganja juu ya kabati muziki ukiwa unapigwa: mbao inatetemeka, na vioo vya mlango vinaimba wimbo wao. Kumbe nusu ya ule "ubovu wa spika" ulikuwa sauti ya kabati.

Nimezunguka nayo chumba kizima, wimbo mmoja, sauti ileile, sehemu tano. Kwenye kona besi iliongezeka sana, maana kila ukuta ulio karibu unarudisha sauti nzito na kuipa nguvu, na konani kuta ni mbili pamoja na sakafu. Lakini ilikuwa besi ya matope, nota moja inafunika nyingine. Katikati ya chumba, juu ya stuli, sauti ya mwimbaji ilikuwa safi, ila wimbo umekonda. Pazuri pamekuwa juu ya stuli ndefu, sentimita 25 kutoka ukutani, usawa wa sikio la mtu aliyekaa.

Chini ya spika nimeweka vipande vitatu vya ndala iliyokatika mkanda. Mtetemo wa stuli umekwisha. Ukikwama bajeti, fanya hatua hii halafu ishia hapa, utakuwa umeshapata kitu.

22 Juni: Spika ya pili, na 15,000 zilizokwenda na maji

Baada ya Idi nilipata wazo ambalo kila mtu hulipata: nikiwa na mbili, moja kushoto na moja kulia, nitapata stereo. Nikanunua ya pili kwa mtu, imetumika, 95,000. Kampuni ileile, umbo lilelile, rangi tu tofauti.

Zikakataa kuoana. Programu yake inazikubali zote mbili nyumbani, inazipiga pamoja, lakini zote zinatoa wimbo uleule, hakuna kushoto wala kulia. Nilihangaika nazo hadi saa sita usiku, nikazifuta na kuziingiza upya mara nne. Mwisho nikazigeuza nisome maandishi madogo ya chini: ni vizazi viwili tofauti. Ili zishike jozi sharti ziwe za aina moja, na sura ya nje haitoshi kukuambia. Soma namba ya modeli kwenye kitako kabla pesa haijatoka mkononi.

Nimeiuza 80,000. Ile jioni moja, hata hivyo, ilinifundisha kitu. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ikiwa ya milimita arobaini na kitu, hata ziwe mbili, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa besi. Stereo ya sauti nyembamba ni sauti nyembamba pande mbili.

30 Juni: Muziki unakatika (12,000)

Kabla ya kwenda kwenye besi ilibidi nimalize ugonjwa mwingine. Kila baada ya nyimbo mbili tatu, kimya cha sekunde tano.

Ruta ilikuwa nyuma ya friji. Nani aliiweka pale? Mimi. Friji ni sanduku la chuma, na lilikuwa limesimama kati ya ruta na sebule. Nimenunua waya wa mtandao mita 10, nikaipandisha ruta juu ya mlango wa korido. Halafu nikaingia kwenye mipangilio yake: majirani karibu wote wapo chaneli ya 6 kwenye masafa ya gigahezi 2.4, nikahamia ya 11. Kwenye masafa hayo chagua 1, 6 au 11 tu, nyingine zinapandiana.

Mawili mengine niliyoyakuta humo humo:

Nilikuwa napeleka muziki kwa blututhi kutoka kwenye simu. Ukifanya hivyo simu inaubana wimbo upya kabla ya kuutuma, na mlio wa kila ujumbe unapita katikati ya wimbo. Ukiutuma kwa waifai, simu inatoa amri tu na spika inauvuta wimbo yenyewe kutoka mtandaoni. Tofauti inasikika, hasa kwenye matoazi.

Na programu ya muziki ilikuwa imewekwa kwenye ubora wa kubania bando. Nimeipandisha hadi kilobiti 320 kwa sekunde. Hesabu yake: megabaiti 144 kwa saa, kwa hiyo saa tatu kila siku ni kama gigabaiti 13 kwa mwezi. Asiye na intaneti ya mwezi mzima aweke 160, ambayo ni nusu yake. Kwa spika ndogo kama hii hatajuta.

Nje ya mada kidogo: spika yangu haijui Kiswahili. Binti yangu akiitajia jina la wimbo wa taarabu inampigia kitu cha Brazil. Tumetengeneza orodha za nyimbo na kuzipa majina ya namba za Kiingereza, moja hadi sita. Mama ameshika kuwa yake ni "tuu". Inatosha.

14 Julai: Kuutoa muziki nje ya kopo (51,000)

Spika yangu ina tundu la waya wa sauti, la milimita 3.5, kwa nyuma. Sikuwahi kulijali. Tundu hilo ndilo lililookoa mradi, kwa sababu linaruhusu spika janja ibaki kuwa sikio na ubongo, kazi ya kupiga muziki ifanywe na vyombo vikubwa. Si zote zinalo. Echo Dot, spika janja ya Amazon, za kizazi cha 3 na cha 4 zinalo, ya kizazi cha 5 haina, Nest Mini ya Google haina. Angalia kabla hujanunua.

Nimenunua bodi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 kwa 38,000, waya wa jeki kwenda zile pini nyekundu na nyeupe 5,000, na waya wa spika mita 8 kwa 8,000. Umeme wa bodi ni chaja ya laptopu iliyokufa, volti 19 na ampea 3.42. Kasha la bodi linasema wati 200. Zidisha mwenyewe: 19 mara 3.42 ni wati 65, na hicho ndicho chote kinachoingia. Hakiwezi kutoka zaidi ya kilichoingia. Kwa sebule yetu ni nyingi mno, sijavuka robo ya kidhibiti cha sauti.

Kosa la siku: sauti ya spika janja niliiweka ndogo, tatu juu ya kumi, halafu nikafungua amplifaya karibu yote. Matokeo yake ni "ssss" ya kudumu, kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili. Fanya kinyume. Chanzo kiwe juu, nane hivi, na amplifaya chini. Ule mkaango umezimika.

Spika zenyewe ni za marehemu baba, makasha mawili ya mbao yenye wufa (spika za sauti nzito) za inchi 6.5 na twita (za sauti nyembamba). Zilikuwa stoo miaka kumi na mitano. Nilipogusa ile sponji inayozunguka koni ilimomonyoka kidoleni kama keki ya juzi. Joto na unyevu wa pwani vimeshaila.

27 Julai: Mafundi wawili (55,000, na 20,000 kati yake ni ujinga wangu)

Fundi wa kwanza nilimchagua kwa sababu yuko karibu na anafanya kwa 20,000. Siku hiyohiyo akanipa. Nikaziwasha: kila nota nzito inakuja na "krrk, krrk". Alitumia gundi inayokauka ngumu kama kioo, na koni moja imekaa kombo.

Wa pili ni mzee mmoja, nilielekezwa na muuza vipuri. Nikamwamkia, akaitikia huku kidole gumba kimeshaibonyeza koni taratibu, sikio karibu kabisa. "Unasikia, mwanangu? Koili inasugua." Nilikuwa nasikia.

Nilikaa nikamtazama kazi nzima, na ndiyo sehemu ninayotaka kila mtu aijue. Alikwangua gundi yote ya zamani kwa wembe. Kisha akakifungua kile kifuniko cha duara katikati ya koni, ambacho mafundi wa haraka hawakigusi. Chini yake unaiona koili, silinda nyembamba ya nyaya iliyozama kwenye mfereji wa sumaku, na nafasi kushoto na kulia ni kama unene wa ukucha. Akachukua picha ya zamani ya eksirei, akaikata vijiti vyembamba, akavipenyeza vinne kuizunguka koili mpaka ikasimama katikati bila ya kupenda. Hapo ndipo alipopaka gundi laini na kubandika ukingo mpya, wa mpira badala ya sponji, kwa sababu mpira unauvumilia unyevu wetu. Koni zikalala na vijiti vyake usiku kucha. Asubuhi akavichomoa, akabonyeza, kimya. Akabandika kifuniko. 35,000 kwa zote mbili.

Fundi akikuambia "subiri saa moja tu", ondoka na spika zako.

28 Julai: Besi imetoroka

Nimeunganisha kila kitu na besi haipo! Wufa za inchi 6.5, na besi ni ndogo kuliko ya lile kopo la spika janja. Mwimbaji naye hakai mahali: mara yuko kulia, mara yuko nyuma ya kichwa changu.

Nilishaanza kumlaumu mzee wa watu. Kabla sijampigia simu nikajaribu kuziweka spika zikitazamana, uso kwa uso, na kubadilisha waya za moja: chanya pakawa hasi. Besi ikarudi kwa kishindo. Moja ilikuwa inavuta wakati mwenzake inasukuma, hewa inafutana katikati.

Kujua ipi imegeuka, chukua betri moja ya rimoti, ya volti 1.5. Ondoa spika kwenye amplifaya kwanza. Gusisha chanya ya betri kwenye pini nyekundu na hasi kwenye nyeusi, sekunde moja tu. Koni inapaswa kuruka nje. Ya kulia iliruka nje, ya kushoto ikaingia ndani. Nilipofungua kasha nikakuta waya wa ndani umegeuzwa, na ni kazi yangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyezirudisha wufa kwenye makasha. Dakika tano, bila gharama. Mzee, niwie radhi.

10 Agosti: Mvumo (15,000)

Mke wangu akaomba runinga nayo ipitie kwenye spika hizi. Ombi la haki. Nikaunganisha, ukaingia mvumo "mmmmm" ambao haupungui hata ukishusha sauti.

Nimechomoa kimoja kimoja. Nikichomoa spika janja, mvumo upo. Nikichomoa king'amuzi kwenye umeme, upo. Nikifungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, umekwisha. Kwa hiyo umeme ulikuwa na njia mbili za kwenda ardhini: moja kwa chaja yenye pini tatu, nyingine kwa waya wa dishi lililofungwa kwenye nguzo ya chuma uani. Kati ya njia hizo mbili ndimo mvumo ulimokuwa unapita.

Jirani alinishauri nivunje ile pini ya tatu ya chaja. Mvumo utaisha kweli, na siku chaja ikiharibika umeme utamtafuta mtu wa kupitia. Tuna mtoto na bibi nyumbani. Nimenunua kizuia mvumo, kijisanduku chenye transfoma mbili ndogo ndani, nikakiweka kwenye waya wa sauti unaotoka kwenye runinga. Kimya. Besi ya runinga imepungua kidogo sana, na kwa taarifa ya habari nani anajali.

25 Agosti: Nota moja inayonguruma

Sasa muziki ni muziki. Fidla zimerudi, ganuni unaisikia kila uzi. Lakini kwenye dansi kuna nota moja ya gitaa la besi ambayo ikipigwa chumba kizima kinavimba, hadi sahani za jikoni zinajibu. Nota jirani zake ni za kawaida.

Hicho ni chumba. Sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde kwa joto letu. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 9.6, unapata 36 Hz, yaani mitetemo 36 kwa sekunde, na mara mbili yake ni kama 72. Kwa masafa hayo wimbi linaenea ukuta hadi ukuta barabara, likigonga na kurudi linajijazia. Nikapiga milio ya majaribio kutoka 40 hadi 120, simu iko kwenye kochi na programu ya kupima sauti. Maiki ya simu usiiamini kwa kiwango kamili, ila kwa kulinganisha inafaa. Mlio wa 72 ulikuwa juu ya ule wa 60 kwa desibeli 11 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Kwa nini kwenye kochi? Kwa sababu kochi limeegemezwa ukutani kabisa, kama makochi yote ya Tanga, na ukutani ndipo wimbi hilo linapokuwa na nguvu zote. Linapokufa ni robo ya urefu wa chumba, mita 1.2 kutoka ukutani. Nikalivuta kochi hadi hapo. Ule mngurumo ulikufa. Mke wangu akasimama mlangoni, akatazama kochi lililo karibu na katikati ya sebule, akauliza kama tunahama.

Tumekubaliana sentimita 60. Tofauti ya 72 na 60 ikashuka kutoka desibeli 11 hadi 8.

Kisha soksi. Makasha ya baba yana tundu nyuma la kuongeza besi, na yako karibu na ukuta, kwa hiyo inaongezeka juu ya nyongeza. Nimeviringisha soksi za pamba, jozi moja kila tundu. Ikashuka hadi desibeli 5. Mwisho nimeshusha besi pointi mbili kwenye programu ya spika, ambayo ina vidhibiti vitatu tu: besi, kati na nyembamba. Nikiwa na kidhibiti cha kukata 72 peke yake ningekitumia. Sina. Nimeacha hapo.

15 Septemba: Paneli za katani (42,000)

Limebaki lile kofi. "Trrrr" bado lipo, na ndilo linalofanya sauti za juu ziwe kali ukiongeza.

Kuumeza mwangwi huo, Ulaya hutumia sufu ya mawe. Hapa Tanga tuna mkonge. Nimenunua katani kilo 6 kwa 24,000, mbao na misumari 18,000, nikatengeneza fremu mbili za sentimita 120 kwa 60, kina 10. Katani ianikwe juani siku nzima na ikung'utwe nje, umefunga pua na mikono mirefu. Mimi nilikung'utia uani nikiwa na singlendi, nikajikuna hadi Isha. Usiishindilie, ichambue ikae kama nywele zisizochanwa, maana sauti inamezwa inapopenya katikati ya nyuzi.

Kitambaa ni kanga, mama katoa doti moja. Kanga inafaa kwa sababu inapitisha hewa: iweke mdomoni upulize, pumzi ikipita na sauti inapita. Paneli ya kwanza niliigongomea, nikaitundika, nikarudi nyuma kuitazama, nikasikia mama na mke wangu wanacheka. Jina la kanga liko kichwa chini. Misumari yote ikang'olewa upya.

Mahali pa kuzitundika: nilikaa kwenye kochi, binti yangu akateleza na kioo cha mama yake kando ya ukuta. Pale ninapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapodunda kuja kwangu, na hapo ndipo paneli inapokaa. Nimeziacha sentimita 5 mbali na ukuta. Chini tumerudisha zulia tulilokuwa tumelikunja.

Kofi sasa: "ta". Basi. Kwenye 72 Hz hazikufanya lolote, nimepima, ni nyembamba mno kwa wimbi refu namna ile. Na katani inashika moto haraka, kwa hiyo chetezo cha udi kimehamishiwa upande wa pili.

29 Septemba: Hesabu

Hasara ya spika ya pili 15,000. Waya wa mtandao 12,000. Bodi, jeki na waya wa spika 51,000. Mafundi 55,000. Kizuia mvumo 15,000. Paneli 42,000. Jumla 190,000, na 35,000 kati yake sikupaswa kuzitoa.

Waya zote zimepita chini ya zulia. Jana jioni mama alisema "tuu", akasubiri, fidla zikaingia. Akasikiliza wimbo mzima bila kusema kitu. Ulipokwisha akauliza kama zile soksi kwenye spika za marehemu ni safi.